Kabla hujaweka ile kwaya ya kutisha kwenye filamu yako

Mleta mada umeuliza mambo mawili. La kwanza, kwa nini waongozaji wakubwa wa filamu wanachukua muziki wa akina Mozart na Wagner, watu waliokufa zamani, wakati hela ya kumlipa mtu atunge mpya wanayo. La pili, kama wewe uliyeko Lindi na filamu yako ya dakika 20 ukiweka ile kwaya ya kutisha, O Fortuna, kwenye kipande cha majahazi kukimbizana, itakaa? Wakuu waliotangulia wamekujibu "weka tu, inanoga". Mimi nitazunguka kidogo kabla ya kufika, nivumilieni.

Nimekulia Mtwara mjini, Chikongola. Kuanzia 2001 hadi kama 2007 nilikuwa kijana wa deki kwenye kibanda umiza cha bamdogo. Nakusanya shilingi 100 mlangoni, naweka mkanda (baadaye sidii), naongeza mafuta kwenye jenereta, nazima spika ya nje adhana ikianza. Msimu wa korosho watu walikaa mpaka kwenye makreti ya soda. Picha nyingi zilikuja zimeshatafsiriwa na Lufufu, na zile zisizotafsiriwa nilishika maiki nikatafsiri mwenyewe, kwa Kiingereza cha kidato cha pili na uongo wa kutosha. Sasa ukiwa mtafsiri unagundua kitu: ukiongea, muziki wa picha unafunikwa. Unausikia pale tu stelingi akinyamaza na wewe ukakosa la kusema. Mimi muziki wa okestra niliujua hivyo, kwa kukosa maneno.

Siku moja bamdogo alileta Apocalypse Now, picha la vita la Francis Ford Coppola la 1979. Kuna kipande helikopta za Wamarekani zinakwenda kushambulia kijiji Vietnam alfajiri, zimefungwa spika, na kamanda anaamuru upigwe muziki wa Wagner, ule wa Wavalkiri. Nimeshika maiki, sina cha kutafsiri. Kibanda kimetulia. Mzee mmoja fundi baiskeli akasema kwa sauti, "Hawa wanapeleka harusi hawa."

Watu walicheka mpaka jenereta halikusikika. Lakini mzee alikuwa amelenga. Nyie mnajua matarumbeta yetu yanavyopita mjini juu ya pikapu, shavu limejaa, msafara nyuma unapiga honi. Ule muziki una furaha ileile ya msafara, na chini yake watu wanakwenda kuuawa. Kisha tazama Coppola alivyokata picha. Katikati ya kelele sauti inakatika ghafla, tunaona shule ya kijijini, watoto, kimya. Halafu kwa mbali sana muziki unaanza kusikika, unakuja. Kumbe hata wale watoto wanausikia! Haukupakwa juu ya picha kama rangi, umo ndani, unatoka kwenye spika za helikopta. Kicheko kibandani kiliisha palepale.

Nilikuja kujua baadaye kwamba kwenye opera yenyewe, Die Walküre, iliyochezwa mara ya kwanza Munich 1870, Wavalkiri ni wanawake wapanda farasi wanaookota mashujaa waliokufa vitani. Coppola alijua anachofanya. (Na yule mzee wa harusi hakukosea sana: maharusi wetu wanaingia ukumbini kwa wimbo wa Wagner huyohuyo, ule unaopigwa kwenye kinanda kila Jumamosi, umetoka kwenye opera yake Lohengrin ya 1850. Humo ndani, ndoa yenyewe inavunjika usiku uleule.)

Si kila kitu kilifaulu. Bamdogo aliwahi kuleta 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick, ya 1968. Dakika 25 hivi za mwanzo hakuna mtu anayesema neno. Ni nyani, kisha vyombo vya angani vinazunguka polepole kwa walzi ya Johann Strauss, Danube ya bluu, muziki wa watu wa Vienna kucheza dansi mwaka 1867. Watu walidai hela zao. Nilirudisha shilingi 100 moja moja mlangoni na matusi juu.

Hata hivyo picha hilohilo ndilo linalojibu swali lako la kwanza. Kubrick alikuwa ameshampa mtunzi kazi, Alex North, na North akatunga na kurekodi na okestra. Huku nyuma, wakati wa kuhariri, Kubrick alikuwa anashikizia rekodi za zamani, kama fundi cherehani anavyoshikiza nguo kwa uzi mweupe kabla ya kushona. Akaizoea ile ya kushikizia, akaiacha. North alikwenda kwenye onyesho akitegemea kusikia kazi yake, asisikie noti hata moja. Kwa hiyo wakati mwingine sababu ni hiyo tu: mwongozaji kazoea. Na mazoea yenyewe ni ya zamani. Enzi za filamu bubu, ukumbini alikuwepo mpiga piano, au okestra nzima kwenye miji mikubwa, wanapiga vipande vya watunzi wa kale kulingana na picha: dhoruba hiki, mapenzi hiki, msiba hiki.

Ila sababu kubwa nilifundishwa na babu yangu.

Babu alikuwa katekista upande wa Ndanda, kwa Wabenediktini walioko pale tangu 1906. Alikuja mjini kutibiwa macho akafikia kwetu. Kibandani haingii, anasema ni kwa wahuni, anakaa nje kwenye mkeka na redio yake. Usiku huo tuliweka The Shining, la Kubrick tena, la 1980. Linaanza na gari dogo la njano linapanda barabara ya milimani, limepigwa kutoka juu, mandhari nzuri kabisa. Kinanda cha umeme kinapiga sauti nzito, noti moja moja. Pazia la gunia likafunuliwa, babu kaingiza kichwa. Macho yake hayaoni vizuri, picha haioni. Akauliza:

"Nani kafa?"

Tukamwambia babu hapa hajafa mtu, ni gari tu linapita. Akasema huo ni wimbo wa maiti. Akauimba pale mlangoni, Kilatini, kwa ile sauti ya wazee inayotetemeka ila haiachi mstari: Dies irae, dies illa. Siku ya ghadhabu, siku ile. Wanakwaya mtaupata kwa do-re-mi: fa, mi, fa, re. Noti nne tu. Kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa unaimbwa kwenye misa za wafu, na babu aliuimba akimzika baba yake mzazi. Halafu akauliza swali ambalo mpaka leo sijasikia mtaalamu wa filamu akiuliza vizuri zaidi: "Sasa hilo gari linakwenda wapi na wimbo huo?"

Lilikuwa linakwenda kwenye hoteli ambako watu watakufa. Picha haijaonyesha tone la damu, mtu haoni skrini, na ameshajua.

Waliopiga pale ni Wendy Carlos na Rachel Elkind, na wimbo ule ulikuwa umeshapita kwenye mikono mingi kabla yao. Berlioz aliuweka kwenye simfoni yake ya 1830, kwenye sehemu ya wachawi. Rachmaninov alikuwa hauachi, umo hata kwenye rapsodi yake ya 1934. Kwa hiyo unapochukua wimbo wa namna hiyo, mkuu, hauji mikono mitupu. Unakuja na misiba yote ulioimbwa. Mtunzi mpya, hata awe fundi kiasi gani, hawezi kukutungia miaka 50 ambayo mtazamaji ameshaishi na wimbo. Ndiyo maana wanachukua wa kale.

Ila kumbuka na upande wa pili: kibanda kilikuwa na watu 30, aliyejua ni babu peke yake. Wengine walisikia sauti nzito wakaogopa kidogo, basi. Nitairudia hii.

Hapo pia ndipo ninapogombana na Out of Africa ya 1985. Muziki wenyewe siupingi. Ni konseto ya klarineti ya Mozart ya 1791, mwaka aliokufa, na sidhani kuna kitu kitamu kuliko ile sehemu ya polepole. Lakini kuna mahali Mzungu anawapigia nyani gramafoni porini Kenya, anashangilia kwamba hawajawahi kusikia sauti iliyotengenezwa na binadamu. Nikajiuliza ngoma za watu wa pale zilikuwa zinalia wapi siku zote hizo. Mozart katumika kutuambia kwamba kabla yake palikuwa kimya. Kinyume chake, The Shawshank Redemption ya 1994, mfungwa anajifungia ofisini na kuweka kwenye vipaza sauti vya gereza duweti ya Mozart, wanawake wawili wanaimba Kitaliano. Wafungwa uwanjani wanasimama, hawaelewi neno. Wanachoimba ni bibi mwenye nyumba anamwandikisha mjakazi wake barua ya kumtega mume mkware! Haijalishi. Kutoelewa kwao ndicho kipande chenyewe.

Sasa nije kwako. 2019 nami nilitengeneza filamu fupi. Baba anauza korosho, anakunywa hela ya ada, anarudi usiku na kumkuta mwanawe amelalia begi la shule. Chini yake niliweka Adagio ya Samuel Barber, ile ya Platoon ya 1986. Waliotazama kwenye laptopu yangu walifuta machozi. Nikaipandisha mtandaoni, haikumaliza siku, sauti imezimwa, kuna mwenye mali. Nikajifanya mjanja: Mozart kafa 1791, nani atamdai? Nikachukua rekodi ya Mozart ya okestra fulani nikaweka. Ikazimwa tena.

Nilikuwa sijui kwamba haki ni mbili. Kuna ya mtunzi, na kuna ya waliopiga na waliorekodi. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Barber amekufa 1981, hajawa wa bure. Na O Fortuna yako mtu anaiona ya kale kwa sababu ya Kilatini, kumbe Carl Orff aliitoa 1937 na kufa 1982. Hesabu mwenyewe. Na Ulaya ni miaka 70. Mozart ni wa bure kweli, lakini bure ni karatasi ya noti. Rekodi ina wenyewe.

Basi nikaenda na karatasi ya noti kwa wanakwaya wa parokiani. Tulichagua Ave verum ya Mozart, kwa sababu wanaijua kwa kichwa na ni fupi, bar 46 tu za muziki. Waimbaji 14, chumba cha nyuma ya kanisa, blanketi madirishani, simu mbili juu ya stuli, feni imezimwa, jasho. Tenori mmoja dereva wa bajaji alikuwa anaitwa na abiria kila baada ya dakika. Tuliimba mara tano. Ile iliyotoka safi kuliko zote ina kunguru analia mwishoni, pale sauti zinaposhuka. Nilimwacha.

Tukaionyesha Mikindani, shuka limefungwa ukutani. Taa zilipowashwa, jirani yangu muuza chapati, Mwislamu, akaniuliza, "Kwani yule baba anakufa? Mbona wanamwimbia taratibu hivyo?" Kwake ulikuwa wimbo mzuri wa huzuni. Sekunde hiyohiyo mama mmoja wa kwaya kanikamata mkono, kakasirika kweli: "Wimbo wa Ekaristi umemwekea mlevi!" Nikamjibu hicho ndicho nilichokusudia, kwamba baba yule anapiga magoti mbele ya mtoto kama mbele ya altare. Mkuu, nikuambie ukweli wa jukwaani, sikuwa nimekusudia hivyo. Niliuchagua kwa sababu ulikuwa hauna mdai. Yeye ndiye aliyeiona filamu yangu vizuri kuliko mimi, na aliiona kwa sababu wimbo ule amekuwa akiupokelea komunyo tangu msichana.

Kwa hiyo ukiacha mambo ya sheria, jiulize watu wako Lindi wakisikia ile kwaya ya Orff wanakumbuka nini. Mtu wa Ulaya huenda anakumbuka Excalibur ya 1981, mapanga na farasi. Wa kwetu atakumbuka matangazo ya biashara na trela za mieleka. Majahazi yako yatageuka tangazo.

Kata kwanza kipande chote bila muziki. Acha tanga lipige, kamba ilie kwenye mlingoti, manahodha watukanane. Ukiona bado kinadai kitu, nitumie nikione. Ninayo dakika nne ya matarumbeta niliyorekodi mwenyewe kwenye harusi, pikapu inakuja kutoka mbali mpaka inapita mbele ya maiki. Wenye haki ni mimi na wapigaji sita, na namba zao ninazo.