Mzinga uliohamia nyumbani wakati wa kafyu

SWALI: Shangazi, mume wangu ni fundi wa rangi. Kabla ya korona alikunywa Jumamosi tu, baani, na wenzake. Baa zilipofungwa Machi 2020 akaanza kuleta mzinga, ile chupa ya pombe kali, nyumbani. Zimefunguliwa zamani, lakini mzinga bado uko kabatini. Siku hizi huamka anatetemeka, hashiki kikombe cha chai mpaka aonje kidogo. Ndugu zake wanataka tumfungie wiki nzima bila hata tone. Nikubali? – Mama Wawili, Kayole

JIBU: Mwanangu, usikubali. Msimfungie.

Aprili ile ya 2020 mdogo wangu alipoteza kazi ya hoteli, akaishiwa na pesa ya pombe. Tulifurahi, tukasema Mungu ametusaidia. Usiku wa pili jasho lilimtoka hadi godoro likalowa, kisha akaanguka akakakamaa kama mwenye kifafa. Kafyu ilikuwa imeanza saa moja jioni na hakuna gari lililokubali kutoka. Nilimlaza ubavu sakafuni, nikakaa naye hadi saa kumi na moja alfajiri. Alipona, lakini usiku ule bado ninao.

Daktari alinieleza hivi: pombe hupooza ubongo, na ubongo wa anayekunywa kila siku hujikaza kushindana nayo. Pombe ikikatwa ghafla, ule mkazo hubaki peke yake. Kifafa huja ndani ya siku mbili za mwanzo. Kuchanganyikiwa na kuona visivyokuwepo hufuata, na huko watu hufa.

Wala mumeo hakuamua siku moja kuwa mlevi. Baani kulikuwa na saa ya kufunga na wenzake wa kumwambia twende. Nyumbani mwaka ule kulikuwa na hofu, kazi hakuna, na jioni ndefu. Hata gavana wetu wa Nairobi wa wakati huo, Mike Sonko, alitangaza kutia pombe kali ya Hennessy kwenye vifurushi vya chakula ati isafishe koo. Watengenezaji wenyewe walisema haikingi virusi.

Piga 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wakuelekeze; hospitali ya Mathari pia wanatibu uraibu. Atapewa dawa za kutuliza zinazopunguzwa siku kwa siku, pamoja na vitamini B1. Kabla ya hapo asiache kwa mkupuo. Akianguka au akianza kuona vitu, usingoje kuche, mkimbize hospitali.

Mkienda, andika kwenye karatasi anakunywa kiasi gani kwa siku na saa aliyokunywa mara ya mwisho. Andika ukweli, hata kama anakukazia macho.