Maiki ya juu ya kamera kwa anayeshuti pwani ya kusini

Bibi alikuwa amekaa kibarazani kwake Mikindani, mjukuu wake amepiga magoti mbele yake, kichwa kimefunikwa kanga. Ilikuwa Julai. Kusi ilikuwa ikivuma tangu asubuhi na minazi yote imeinamia upande mmoja. Nilisimama kama hatua nane mbali, lenzi ndefu ya milimita 70-200 imevuta uso wa bibi mpaka machozi yanaonekana. Kwa dakika nne hivi alimpa mjukuu wake wosia wa ndoa, Kimakonde na Kiswahili vikipokezana. Mpaka siku ile sikuwa nimewahi kupata picha nzuri kama zile. Usiku nilipovaa hedifoni nikasikia upepo, vyombo vinaoshwa uani, na sauti ya mtu mzima iliyo mbali, kama anaongea akiwa ng'ambo Msangamkuu.

Wiki mbili baadaye bibi harusi alinipigia kutoka Dar es Salaam. "Kaka, video nzuri, tumeshaiangalia mara mbili na shemeji yako. Ila bibi anasema nini pale?" Sikuwa na jibu. Nilirudi Mikindani kuomba tumrekodi upya, na bibi alinikatalia kwa upole. "Maneno yale nilimwambia mjukuu wangu siku namtoa. Leo namtoa nani?"

Vijana wanaoanza kushuti harusi, mahafali na mikutano ya ushirika huku Mtwara na Lindi wananiuliza mara kwa mara wanunue maiki gani ya juu ya kamera. Wanataka jina moja. Majina nitayataja, lakini siku ile kibarazani maiki niliyokuwa nayo ingetosha kabisa kama ningejua haya ninayoyaandika sasa.

Wapo watakaokwambia achana na maiki ya juu ya kamera, nunua zile maiki ndogo za wayalesi za kubana kifuani. Kwa mahojiano ya kukaa kitini wako sahihi, na mimi ninazo. Ila je, utapitisha kijiwaya cha maiki hiyo ndani ya kanga ya bibi wa watu dakika moja kabla hajaanza kuongea? Kwenye mnada wa korosho, bei ikishasomwa, mkulima anainuka nyuma kabisa na kusema neno ambalo ndilo litakuwa moyo wa taarifa yako. Huna nafasi ya kumbana kitu chochote. Kazi zetu zimejaa watu ambao hatuwezi kuwagusa, na wengine ambao hatukujua kama wangesema. Hao ndio wa maiki ya juu ya kamera, na kwa ajili yao inabidi uichague kwa makini.

Kitu cha kwanza ni umbali, na hapa ndipo wengi tunapoumia. Lenzi inavuta, maiki haivuti. Unapovuta uso wa mtu kutoka mita nane, macho ya mtazamaji yako mita moja na masikio yake yamebaki kule ulikosimama. Mahali pa wazi, sauti ya msemaji hupungua desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila umbali unapoongezeka maradufu. Ukilinganisha na mita 1, kwenye mita 2 ameshuka desibeli 6, mita 4 ameshuka 12, mita 8 ameshuka 18. Mawimbi, jenereta na muziki wa jirani havishuki pamoja naye, maana vyenyewe hukuviacha nyuma. Hakuna maiki ya bei yoyote itakayokurudishia hizo desibeli 18 zikiwa safi. Ukipandisha sauti wakati wa kuhariri, unampandisha bibi pamoja na vyombo vya uani.

Siku hizi mtu mwenye maneno mazito akianza kuongea, naiacha kamera ya lenzi ndefu kwenye stendi, nachukua ya pili yenye lenzi ya milimita 35 na kwenda kukaa chini kwenye mkeka, mita moja au moja na nusu kutoka kwake. Mzee haoni ajabu mtu kukaa chini mbele yake. Anachokiona ajabu ni mtu kumsimamia na lijikamera.

Na maiki hiyo haijapigiliwa misumari juu ya kamera. Beba waya wa ziada wa mita 3 au 5 wenye pini ya milimita 3.5, na kistendi kidogo. Ukipata nafasi, ishushe maiki uisogeze karibu na msemaji, nje tu ya fremu, ikimwelekea kifuani. Angalia pini: ya kamera ina mistari miwili myeusi, ya simu ina mitatu. Ukizichanganya unaweza kupata sauti hafifu au ukose kabisa, na hedifoni tu ndizo zitakazokwambia. Mwaka uliofuata bibi yule yule alimtoa mjukuu mwingine. Maiki ilikuwa kwenye kistendi pembeni ya mkeka, kama sentimita 70 kutoka mdomoni mwake, na kila neno lilisikika, hata bangili zake alipoinua mkono kumbariki.

Sasa zile maiki ndefu, shotgani. Watu wanazinunua wakiamini zinavuta sauti ya mbali. Shotgani ni bomba lenye mipasuko ubavuni. Sauti ya mbele inapita moja kwa moja. Ya ubavuni inaingia kwenye mipasuko kwa nyakati tofauti, na ikikutana na nyenzake ndani zinauana. Lakini hilo linafanyika kwa sauti nyembamba, zile ambazo wimbi lake ni fupi kuliko bomba. Sauti nzito ya hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, ina wimbi la zaidi ya mita 3. Bomba la sentimita 25 halina la kuifanya. Kwa hiyo mngurumo wa jenereta na besi ya singeli vitaingia tu, hata maiki iwe ya milioni kadhaa. Dawa yake ni kusimama mahali ambapo jenereta iko nyuma ya maiki na mbali nayo, kusogea kwa msemaji, na kuwasha swichi ya kukata sauti nzito.

Tena shotgani ina mahali isipopapenda: ukumbi wenye vigae chini, kuta tupu na dari ngumu, yaani kumbi zetu nyingi. Mwangwi unarudi kutoka kila upande, unaingia kwenye mipasuko ukiwa umevurugika, na sauti ya mtu inakuwa kama anaongea ndani ya pipa. Humo ndani maiki fupi inayosikiliza zaidi mbele, isiyo na bomba refu, inatoa sauti ya asili zaidi. Nilichelewa sana kulijua hili. Kwa muda mrefu nilidhani kamera yangu ndiyo mbovu.

Upepo. Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu ushauri mwingi wa maiki umeandikwa na watu wanaoshuti ndani ya nyumba. Kusi ya Juni hadi Agosti hapa Mtwara, pale Shangani, Feri au juu ya pantoni, si kitu cha kuzuiwa na sponji. Sponji nyeusi inayokuja na maiki nyingi ni ya ndani, pengine na feni. Nje unahitaji manyoya, yaani kifuniko cha manyoya cha kuivalisha maiki. Maiki zinazosikiliza upande mmoja, ambazo ndizo tunazoweka juu ya kamera, zinasumbuliwa na upepo kuliko zinazosikiliza pande zote. Upepo unaisukuma ngozi ndogo iliyo ndani ya maiki mpaka sauti inajaa na kupasuka, na sauti iliyopasuka haina programu ya kuitengeneza. Kwa sababu hiyo swichi ya kukata sauti nzito iwashe kwenye maiki yenyewe. Ukisubiri kuikata wakati wa kuhariri, utakuta kilichokwisha kupasuka kimepasuka.

Manyoya ukiyakosa Mtwara usikimbilie kushona. Mimi nilimpelekea fundi cherehani kitambaa cha manyoya, akashona vizuri kwa vipimo. Upepo ulipungua, lakini kitambaa cha ndani kilikuwa kizito, kikameza herufi za "s" na "sh" zote, watu wakawa kama wana mafua. Kinachotakiwa ni manyoya marefu kwenye kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Agiza yanayolingana na maiki yako, na agiza mawili, kwani yakilowa na kushikamana hayazuii kitu mpaka yakauke na kuchanwa.

Kuna upande wa pili wa sauti zetu: kelele kubwa. Matarumbeta ya msafara wa harusi, vigelegele sikioni, ngoma ya sindimba, siku mwali anapotolewa. (Ya ndani ya unyago hayashutiwi, na usimwombe mtu akuruhusu. Nazungumzia siku ya kutoka nje, hadharani.) Kwa hayo tafuta maiki yenye swichi ya kupunguza sauti kwa desibeli 10 au 20. Nyingine, kama Rode VideoMic Pro+ na VideoMic NTG, zinaweza kurekodi sauti ile ile pande mbili, kushoto na kulia, upande mmoja ukiwa chini zaidi, ili upande wa kwanza ukipasuka uwe na wa akiba. Kwa anayeshuti peke yake, ambaye hana mtu wa kushika kirekebisha sauti tarumbeta linapolia ghafla, huo ni msaada mkubwa.

Upande wa kamera, zima ule mpangilio wa kamera kujirekebishia sauti yenyewe. Mtu akinyamaza inapandisha ukimya, unasikia mvumo unainuka kama maji. Weka kwa mkono, sauti za juu zicheze karibu na desibeli 12 chini ya sifuri (sifuri ndipo sauti inapopasuka). Kamera nyingi ndogo zina mvumo wao wa ndani unaoonekana ukipandisha sauti sana. Maiki yenye swichi ya kuongeza desibeli 20 inakuruhusu kuishusha kamera chini kabisa na kuiacha maiki ifanye kazi.

Haya, majina. Anayeanza, Rode VideoMicro. Ni ndogo, haitumii betri, inachukua umeme kidogo kutoka kwenye kamera, na inakuja na manyoya yake. Ina mvumo wake wa ndani wa desibeli 20, kwa hiyo kwenye utulivu wa usiku utausikia. Lakini ukiwa mita moja kutoka kwa msemaji itakufanyia kazi ya kulipwa. Hatua inayofuata ni Sennheiser MKE 400 ya toleo jipya au VideoMic NTG. Ningekuwa na harusi za ukumbini zaidi ningechukua MKE 400, fupi, yenye tundu la hedifoni kwenye maiki yenyewe, maana kamera nyingi za bei nafuu hazina tundu hilo.

Mimi natumia Sennheiser MKE 600. Mvumo wake ni desibeli 15 tu inapopewa umeme wa volti 48, na kama kamera haitoi umeme huo, inaishi kwa betri moja ya AA. Hiyo betri ndiyo iliyonishawishi. Nikiwa Newala au ndani kabisa ya Liwale chaji ya maiki haiuzwi, lakini betri ya AA ipo hata kwenye duka lenye sabuni na chumvi tu. Ubaya wake ni urefu, sentimita 25 na ushee. Ukiweka lenzi pana juu ya kamera ndogo, ncha ya manyoya inaingia juu ya picha. Pia ina swichi ya kuwasha, na siku ukiisahau umerekodi kimya. Kwenye begi langu nimebandika karatasi ya kunikumbusha.

Sennheiser MKH 416 utasikia ikisifiwa, na sifa zake ni za kweli, hasa kwetu wa pwani. Umeme wake wa ndani unafanya kazi kwa masafa ya redio, jambo linaloifanya ivumilie unyevu kuliko maiki nyingi. Lakini lazima ipate volti 48, na bei yake ni ya taasisi. Usikopeshwe kwa ajili yake. Kwa tofauti ya bei hiyo nunua manyoya, waya mrefu, hedifoni zinazofunika sikio lote, na kamera ya pili.

Chumvi ni adui wa kimyakimya. Ukitoka ufukweni futa maiki na pini kwa kitambaa kikavu, toa betri, anika manyoya kivulini, halafu weka vyote kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na pakiti mpya za kukausha unyevu. Pini ikishaanza kuota kijani utasikia mikwaruzo, na utailaumu kamera.

Ukienda kununua, iwe Kariakoo au hapa mjini, nenda na kamera yako, kadi yako na hedifoni zako. Maiki bandia zipo, zina nembo na boksi zuri. Mwombe muuzaji asimame mita moja na nusu, ahesabu moja hadi kumi kwa sauti ya kawaida, kisha aendelee kuhesabu wakati wewe unaigeuza kamera pole pole mpaka maiki impe mgongo. Sauti yake ipungue waziwazi. Gonga mwili wa kamera kwa kidole, usikie kama mshindo unapanda mpaka kwenye maiki. Raba za kuishikilia zikiwa ngumu zitakuumiza kila unapotembea. Weka simu yako karibu, ipigiwe, usikie kama waya unakoroma. Halafu toka mlangoni, pale bodaboda zinapopita, umrekodi tena akiwa anahesabu. Akikukatalia kujaribu, mshukuru, uende duka linalofuata.