Pikipiki ya fundi: kubeba vifaa bila kununua boksi la bei mbaya

Mkuu, umeuliza utabebaje vifaa vya kufungia sola kwenye pikipiki, maana boksi la nyuma ulilolikuta dukani limekushinda bei. Mimi nafunga sola vijijini huku Singida kwa Boxer, na boksi la dukani sijawahi kununua. Hela yako iende kwenye chuma cha kushikilia mzigo. Cha kuwekea mzigo chenyewe utakipata kwa bei ya kutupa.

Anza kwa fundi wa kuchomelea. Akutengenezee fremu mbili za skwea paipu au flati, moja kila upande wa gurudumu la nyuma, halafu aziunganishe kwa chuma kimoja kinachopita nyuma, chini ya taa. Hicho cha kuunganisha ndicho wengi wanakiacha ili kubana gharama, na bila hicho kila upande unacheza kivyake mpaka unakatika kwenye kiungo. Zifungwe kwa bolti kwenye matundu ambayo pikipiki inayo tayari, pale keria inaposhikwa. Usikubali achomelee moja kwa moja kwenye chesisi. Moto unadhoofisha chuma, na siku ukitaka kuzitoa itabidi ukate. Ikilazimu kuchomelea kitu chochote kikiwa juu ya pikipiki, chomoa waya za betri kwanza, maana ule umeme unaweza kukuunguzia CDI, kile kiboksi kinachotoa cheche ya plagi. Nati ziwe mbili mbili, au zile zenye nailoni ndani. Barabara ya vumbi yenye mawimbi inalegeza nati ya kawaida haraka sana. Na taa, indiketa na pleti namba vyote vionekane.

Ndani ya fremu weka madumu ya lita 20, yale ya njano ya mafuta ya kula. Lioshe kwa sabuni na maji ya moto. Pasha kisu, kata ubavu mpana pande tatu tu, ule wa nne ubaki uwe bawaba. Mfuniko tayari unao. Kisha pasua tyubu ya baiskeli kwa urefu uivalishe kwenye ukingo wote wa tundu, mfuniko ukalie juu yake. Hapa usifanye uvivu: gurudumu la nyuma linarusha vumbi na vumbi hilo linazunguka nyuma ya pikipiki likitafuta pa kuingilia, na drili ikishakula vumbi la barabarani haidumu. Toboa tundu dogo chini ili maji yakiingia yatoke. Likipasuka usihangaike na gundi, plastiki ile haishiki. Yeyusha kipande cha dumu jingine juu ya ufa kwa chuma cha moto. Likianza kupauka na kukakamaa kwa jua, badilisha.

Chini tandika soli za kandambili zilizochakaa. Spana, pulaizi na bisibisi zikae kwenye mkunjo wa turubai wenye mifuko, fundi cherehani yeyote anakushonea. Zikiachwa huru zinagongana njia nzima na kutoboa dumu.

Vitu visivyotaka maji wala vumbi, kama chaji kontrola (inayosimamia chaji ya betri), swichi, taa na inveta ndogo (inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani), viweke kwenye ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko wake. Kwa bei yake sijaona kinachoizidi.

Najua wengi watakwambia kreti. La soda lina vigawanyo vya chupa 24, unabaki na kazi ya kuvikata, na isitoshe kreti lile ni mali ya kiwanda. La mboga, lisilo na vigawanyo, linafaa kwa rola za waya. Skrubu na vifaa vidogo usiviweke humo, vitamwagika njiani.

Vitu virefu, yaani pima maji, msumeno na biti ndefu za kutobolea ukuta, vinaenda kwenye kipande cha bomba la plastiki la nchi 4, limezibwa nyuma, mbele lina mfuniko wa kufungua. Lilaze juu ya fremu ya upande usio na ekzosi.

Kufungia, tumia mipira iliyokatwa kwenye tyubu ya gari. Inavutika, haikwaruzi, na haina ndoano ya kukurukia usoni. Ipitishe kwa msalaba, ncha zote uzichomeke ndani. Ncha inayoning'inia ikinaswa na cheni au spoki, gurudumu linakwama ukiwa mwendoni. Ukiona imeanza kupasukapasuka, itupe.

Betri ndiyo ya kuheshimu zaidi. Ya madini ya risasi yenye ukubwa wa 100Ah ina kilo 30 hivi. Ikae wima, chini, karibu na mguu wako kadiri inavyowezekana, na upande wa pili uweke uzito unaokaribiana nayo. Vichwa vyake vivalishe vipande vya tyubu, kwa sababu spana ikigusa vyote viwili ni moto. Mzigo ukining'inia nyuma kabisa, usukani unakuwa mwepesi na kwenye mchanga pikipiki haikusikii. Kaza shokapu za nyuma na uongeze upepo wa tairi kwa kufuata kitabu cha pikipiki. Paneli ilaze bapa juu ya keria, godoro chini, kioo kikiangalia juu. Ukiisimamisha inageuka tanga, na upepo wa huku kwetu unaujua.

Na yule mchangiaji aliyeuliza kama haya yanafaa kwenye pikipiki yake ya magurudumu manne ya shambani: madumu, ndoo na bomba vyote vinakufaa, tena wewe una keria mbele na nyuma. Ila usirundike kwenda juu. Kwenye mteremko wa pembeni mzigo mrefu unaipindua, na ile ina uzito wa kuua mtu. Cha uzito kilaze nyuma, mbele weka vyepesi.

Mkuu, taja pikipiki yako ni aina gani na betri unazobeba ni za ukubwa gani, nikupe vipimo vya fremu umpelekee fundi.