Nina dinari milioni moja na hakuna benki inayozitaka

Juzi usiku nimetoka zamu, bado niko na sare ya kazini, nikafungua simu na kukuta ujumbe wa dada mmoja wa Mbagala. "Shikamoo kaka. Kuna watu kwenye grupu letu la WhatsApp wanauza dinari za Iraq. Wanasema zinapanda muda wowote, na zikipanda benki zote lazima zizibadilishe kwa sababu ni fedha halali ya serikali. Nina shilingi milioni mbili, mgao wangu wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Niingie?"

Marahaba mdogo wangu. Nilikaa kwenye gari dakika kumi kabla sijakujibu, kwa sababu swali lako nililiuliza mimi mwaka 2011, hapa hapa Houston. Kosa langu ni kwamba nilimuuliza aliyekuwa anauza.

Mnaonisoma siku zote mnanijua kwa makala za kujenga nyumbani ukiwa ughaibuni, na sioni haya kusema nimejenga. Nyumba ya Kibaha imekwisha hadi vigae. Ila sijawahi kuwaambia kwa nini ilisimama kwenye lenta miaka mitatu. Nimempa mke wangu makala hii aisome kabla sijaiweka. Akasema neno moja tu: "Hatimaye."

Mwaka huo wa 2011 nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, zamu mbili kwa siku, naoga na kulala kwa saa nne tu. Kanisani kulikuwa na mzee mmoja Mmarekani, mstaafu, mpole, mtu wa kukushika bega anapoongea. Jumapili moja baada ya ibada alinivuta pembeni kwenye maegesho, akatoa mfuko wa plastiki kwenye koti kama mtu anayetoa picha za wajukuu. Ndani mlikuwa na noti ya dinari 25,000. Naikumbuka vizuri maana nimeitazama sana baadaye, usiku, peke yangu. Nyekundu nyekundu. Upande mmoja mwanamke mkulima amekumbatia mganda wa ngano, na trekta. Upande wa pili Hammurabi, yule mfalme wa Babeli aliyechonga sheria kwenye jiwe. Karatasi ngumu, inalia ukiikunja.

Hadithi yake ilikuwa Kuwait. Saddam aliivamia Agosti 1990, dinari ya Kuwait ikaporomoka, wenye akili wakainunua kwa bei ya mchicha. Februari 1991 nchi ikakombolewa, dinari ikarudi pale pale, zaidi ya dola tatu. Sasa ni zamu ya Iraq, akasema, na Iraq ina mafuta kuliko Kuwait. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Yeye alisema kwa Kiingereza chake, mimi nikaisikia kwa Kiswahili.

Ambacho hakuniambia, nami sikujisumbua kukitafuta, ni kwamba Kuwait iliporudi, Machi 1991, ilitoa noti mpya na kutangaza kuwa zile zilizoporwa na wavamizi si fedha tena. Aliyeshika bulungutu la noti hizo alibaki na karatasi. Yaani hadithi ile ile niliyotegewa ilikuwa na jibu langu ndani yake.

Nikanunua milioni nne. Bei ya muuzaji ilikuwa dola 1,150 kwa kila milioni, jumla 4,600. Wakati huo dola moja ilikuwa kama dinari 1,170, kwa hiyo milioni moja ilikuwa na thamani ya dola 855 hivi. Piga hesabu. Kabla sijalamba gundi ya bahasha nilikuwa nimeshapoteza zaidi ya dola elfu moja, na nilitoka pale napiga mluzi.

Miaka mitatu iliyofuata siisimulii, ilikuwa kungoja. Kulikuwa na simu za pamoja usiku, mamia ya watu kwenye laini moja, jamaa anatangaza kuwa ni Jumatano hii, mara ni wikendi, mara benki kubwa zimeshapewa bei na wafanyakazi wamesainishwa wasiseme. Wenyewe waliita RV, yaani kupandishwa thamani. Walikuwamo na watu waliokuwa wamelimbikiza dong za Vietnam na noti za matrilioni za Zimbabwe. Mke wangu alikuwa akinikuta jikoni na vipokea sauti masikioni, anageuka, anarudi kulala.

Mwaka 2014 mama alianguka, akavunjika nyonga. Ndugu zangu wakapiga simu kama ndugu wanavyompigia aliye Marekani. Nikachukua bahasha, nikavaa shati la Jumapili, nikaenda benki niliyoweka mshahara wangu miaka saba.

Keshia alikuwa binti mdogo. Aliigeuza noti mara mbili, akamwita mkubwa wake. Yule bwana akaandika kitu kwenye kompyuta, akasoma, akanirudishia kwa adabu: hatushughuliki na sarafu hii. Nikapandisha sauti. Nilikuwa nimejiandaa, nina maneno yote ya kwenye simu za usiku. Nikamwambia hii ni fedha halali, imetolewa na benki kuu ya nchi, huna haki ya kuikataa. Foleni nzima ikanyamaza. Akasema taratibu, "Ndiyo bwana, ni fedha halali. Iraq."

Nilikwenda benki ya pili, na ya tatu. Peso za Mexico walichukua, euro walichukua, pauni walichukua. Hammurabi hapana.

Nilichukia, tena sana, na hadi leo nikipita nje ya lile tawi la kwanza nageuza shingo. Lakini yule bwana alikuwa sahihi kwa neno lile moja. Uhalali wa noti unaishia mpakani. Ndani ya Iraq, sheria inasema anayekudai aipokee. Ukishavuka, ni bidhaa, kama kitenge au dagaa, na benki ni mwenye duka. Mwenye duka halazimishwi na mtu kununua dagaa zako kwa sababu tu ni dagaa halisi. Akinunua, lazima awe na pa kuzipeleka, na dinari hazina pa kupelekwa kirahisi. Fedha ya kigeni ya Iraq inatokana na mafuta, inapitia akaunti iliyoko Federal Reserve ya New York, tawi la benki kuu ya Marekani, kisha wakati ule benki kuu yao ilikuwa ikiuza dola kwa mabenki ya kwao ili wafanyabiashara walipie mizigo. Mtambo wote huo umejengwa kutoa dola kwa mwagizaji bidhaa wa Baghdad. Hakuna tundu la kupitishia bahasha ya mlea wazee wa Houston.

Nanyi mlioko nyumbani mnalijua hili bila kufundishwa. Nani hajakataliwa dola kwenye duka la kubadili fedha kwa sababu imechapwa kabla ya 2006? Dola ile ile Marekani inanunua mkate. Pale Posta, Dar es Salaam, inarudishwa chini ya kioo kama imetiwa pilipili.

Shangazi yangu wa Sirari, mpakani na Kenya, naye alikuwa na yake. Anauza mahindi upande wa pili, analipwa shilingi za Kenya, na alikuwa na tabia ya kuzihifadhi kwenye kopo la maziwa akisubiri zipande kidogo ndipo abadilishe. Tarehe 1 Juni 2019 gavana wa Benki Kuu ya Kenya, Patrick Njoroge, akatangaza kuwa noti za zamani za elfu moja mwisho wake ni 30 Septemba. Benki Kuu yetu ya Tanzania ikasitisha kuzibadilisha huku. Hazikuwa bandia, zilikuwa bado halali Nairobi, na benki za Tanzania zikamwambia shangazi, hapana. Yeye hakugomba na mtu kama mimi. Alivuka hadi Isebania, upande wa Kenya, wiki ile ile, kopo kwenye kikapu, akazimaliza kwa mafungu. Muda ulipokwisha noti zaidi ya milioni saba zilikuwa hazijarudishwa benki, lakini hata moja haikuwa ya shangazi. Darasa la nne huyo. Mimi nina diploma.

Kuna na hii habari ya sifuri, maana najua kwenye grupu lenu wanaitumia. Iraq imekuwa ikizungumzia kufuta sifuri tatu kwenye dinari kwa miaka mingi, na wauzaji wanaitafsiri kuwa milioni yako itabaki milioni, ila kila dinari itakuwa na thamani mara elfu. Muulize Mzambia yeyote pale Tunduma, mpakani na Zambia. Zambia ilifuta sifuri tatu Januari 2013. Aliyelala na kwacha milioni moja aliamka na kwacha elfu moja, na kilo ya unga nayo ilikuwa imefutiwa sifuri tatu. Hakuna aliyetajirika kwa kifutio.

Na hata bila sifuri, fanya hesabu ambayo mimi sikuifanya kwa miaka mitatu nikiwa na kikokotoo mfukoni. Dinari zilizoko mikononi mwa watu ni matrilioni kwa makumi. Chukua trilioni 30 tu. Ziwe dola tatu kila moja kama za Kuwait: ni dola trilioni 90. Uchumi mzima wa Marekani wakati ule, kwa mwaka, haukufika trilioni 20. Nani angelipa?

Basi nikarudi kwa muuzaji. Sasa bei ikawa nyingine. Kuuza ilikuwa 1,150, kununua ikawa 720, tena anakufanyia hisani. Nikaachia milioni tatu, nikapata dola 2,160 ambazo nilizilipia 3,450. Mama akafanyiwa upasuaji, akatembea, Mungu mkubwa. Milioni ya nne nikaibakiza kwa ubishi. Sawa, na kwa matumaini kidogo.

Hata serikali hapa Marekani haikusema kuuza noti za Iraq ni kosa, ndiyo maana wauzaji wanatamba kwamba wamesajiliwa Wizara ya Fedha. Kweli walisajiliwa, kama anavyosajiliwa kila mwenye duka la kubadili fedha. Kosa lilikuwa maneno. Kampuni moja ya Atlanta iliyouza sarafu hizi kwa zaidi ya dola milioni 600 ilifikishwa mahakamani, na mwaka 2018 wakuu wake wakatiwa hatiani, kwa kuwaaminisha watu kuwa kupanda kumekaribia, na hata kuwaahidi vibanda vya kubadilishia kwenye viwanja vya ndege. Niliposoma habari ile nilicheka peke yangu, kicheko kibaya. Mzee wa kanisani alikuwa ameshafariki. Nilimsamehe? Siku nyingine.

Dinari yenyewe? Desemba 2020 serikali ya Iraq iliishusha, dola ikawa dinari 1,450. Februari 2023 ikaipandisha hadi 1,300. Yaani baada ya miaka yote ile, na sherehe ya kupandishwa ikiwemo, milioni yangu ni dola 769 kwenye karatasi, na karatasini ndipo ilipo.

Sasa ushauri, maana ndio kichwa cha blogu hii. Mdogo wangu, kesho asubuhi nenda benki yoyote, simama dirishani, uliza: dinari za Iraq mnazinunua kwa bei gani leo? Usiulize kama zitapanda. Usiulize kama ni halali. Uliza mnanunua bei gani, leo. Ukitoka hapo mwandikie anayekuuzia: nikikulipa leo, kesho utazinunua tena kwa bei ile ile? Halafu usiongeze neno. Ukitaka uhakika zaidi nenda benki ya pili ukaulize lile la kwanza: mnanunua bei gani, leo.

Na hela ya VICOBA, mama zangu na dada zangu, ina jasho la wauza vitumbua na wasuka nywele. Sisi tunaotaka maendeleo, tunaotaka nyumba na ada ya shule nzuri, tuna ugonjwa mmoja: tunaona aibu ya kwenda polepole. Tofali moja moja tunaliona la washamba. Mimi niliyekuwa nabeba wazee mgongoni nilijiona mjanja kuliko fundi wangu aliyekuwa ananiambia kila mwezi, "Bosi, nitumie ya saruji tu." Ningemsikiliza fundi, mama angekuja kuiona nyumba bado ana nguvu za kupanda ngazi. Hili nalisema kwa uchungu na sitalirudia.

Mwingine ameniuliza ile milioni iko wapi. Mwaka 2023 nilikuja nayo Dar. Nilikuwa na shughuli Posta, nikapita duka la kubadili fedha, nikasema nijaribu, hakuna anayenijua. Binti wa dirishani akaipeleka noti kwenye taa, akamwita mwenzake, "Njoo uone." Wakaitazama wote wawili.

"Kaka, huyu mwenye ndevu ni nani?"

"Hammurabi."

"Rais wao?"

Nikasema alikuwa mfalme, zamani kidogo. Akairudisha chini ya kioo, akaniuliza kwa upole kama nina dola. Nikapekua pochi, nikapata noti moja ya dola mia, nikamsukumia. Akaigeuza, akasoma mwaka. 2003. Akairudisha nayo.