Mwani hautokani na uchafu wa kioo

Ndugu yangu wa Ujiji, umesema unafuta kioo kila Jumamosi na kufikia Jumatatu ute wa kahawia, yaani mwani, umesharudi kwenye tangi lako la maji ya chumvi. Nadhani tatizo liko kwenye ndoo ya maji unayojazia. Maji ya bomba huweza kuwa na naitreti, fosfeti na silika, na kuyachemsha hakuondoi vitu hivyo. Kwa joto la Kigoma maji yanapungua upesi, lakini vyote hivyo vinabaki tangini. Ukijazia tena ya bomba, unaurundikia mwani chakula.

Jazia maji yaliyochujwa kwa mashine ya utando (inayosukuma maji yapite kwenye utando unaozuia vitu hivyo), bila chumvi kabisa, maana chumvi haipai na mvuke. Maji ya kubadilishia, unapotoa ya zamani na kuweka mapya, ndiyo uyachanganye na chumvi ya akwariamu, gramu 35 hivi kwa lita. Na tafadhali, punguza chakula: samaki wawili hawamalizi kijiko kizima.