Kabla ya kufunga plastiki mpya, chunguza bomba la moshi

Wewe unayeanza ufundi wa pikipiki hapa Kampala, hazitapita siku nyingi kabla hujaletewa plastiki ya ubavuni iliyonyauka upande mmoja kama jani la mgomba lililobabuliwa motoni. Mwenye pikipiki atakuomba jambo moja tu, nalo ni kwamba umtafutie nyingine kwenye soko la vipuri la Kisekka, uifunge, aende zake. Nakusihi usiharakishe. Plastiki hiyo imebeba habari za bomba la moshi, na ukiitupa kabla ya kuisoma, ile mpya itaungua palepale.

Mimi nililijifunza hili kwa gharama. Katika miaka yangu ya mwanzo nilipokea pikipiki kubwa ya mtumba iliyoungua plastiki ya nyuma, karibu na silensa, yaani ile sehemu nene ya mwisho wa bomba la moshi. Nilifunga plastiki nyingine, nikabandika karatasi ya alumini mgongoni mwake, nikaamini kazi imekwisha. Haukupita mwezi mteja akarudi na alama ileile, mahali palepale. Nilipochutama nyuma ya pikipiki na kulinganisha pande zote mbili, ndipo nilipoona kwamba mkono wa chuma unaoshika silensa, ambao kwenye pikipiki nyingi ndio huohuo unaobeba kikanyagio cha abiria, ulikuwa umepinda kuelekea ndani kwa sababu pikipiki iliwahi kuangukia upande huo. Mpira wa kwenye bolti nao ulikuwa umeliwa, hivyo injini ilipotikisika silensa ilikuwa ikiisogelea plastiki hadi karibu kuigusa. Nililipia plastiki ya pili kwa fedha zangu, na ilikuwa haki nilipe.

Tangu hapo huanza na nafasi iliyopo kati ya bomba na plastiki. Mimi sikubali iwe chini ya milimita 10, na penye uwezekano huiongeza ifike 20. Ipime injini ikiwa baridi, kisha iwashe na utazame inavyotikisika katika mwendo wa chini, kwa kuwa nafasi inayoonekana ya kutosha pikipiki ikiwa imezimwa huweza kutoweka injini inapounguruma. Hewa inayopita katika nafasi hiyo ndiyo kinga ya kwanza, na haiuzwi dukani.

Geuza plastiki utazame mgongoni. Mara nyingi utakuta herufi zilizochongwa na kiwanda, kama ABS au PP, zinazotaja aina ya plastiki. ABS huanza kulainika joto linapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi, ilhali PP huyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi, ingawa hulegea na kupinda mapema kuliko hapo. Linganisha na bomba lenyewe, ambalo karibu na kichwa cha injini linaweza kupita nyuzi 300 pikipiki inapopanda mlima na mzigo. Ukiyajua hayo hutashangaa kwamba plastiki inaungua bila kuguswa: chuma chenye moto hutoa mionzi ya joto inayovuka hewa, kama vile sigiri inavyokuchoma uso ukiwa umekaa kando yake.

Mionzi hiyo ndiyo inayozuiwa na karatasi ya alumini yenye gundi. Kabla ya kuibandika, safisha mgongo wa plastiki kwa spiriti mpaka mafuta yote yatoke, uache ukauke kabisa, kisha elekeza upande unaong'aa kwenye bomba. Mfundishe mteja kuifuta mara kwa mara, kwa maana vumbi jekundu la barabara zetu likishaifunika, haiakisi tena bali hunyonya joto. Mahali palipo karibu mno na bomba, karatasi peke yake haitoshi. Nenda kwa mafundi wa chuma wa Katwe ukatiwe kipande cha bati la alumini la milimita moja, ukifunge kati ya bomba na plastiki kiwe na hewa pande zote mbili. Hapa wanagenzi wengi hukosea: hulikaza bati moja kwa moja juu ya plastiki, na bati likishapata moto huupeleka wote kwenye plastiki kupitia bolti. Weka vipande vya kuliinua, na ukipata vya chuma kisichoshika kutu ni bora zaidi, kwani hupitisha joto polepole kuliko alumini.

Wateja wengine watakuomba ulizungushie bomba ule utepe wa nyuzi za kioo. Unapunguza joto linalotoka nje, hilo ni kweli, lakini hunyonya maji, na katika miezi ya mvua bomba la chuma cha kawaida huoza chini yake bila mtu kuona. Mimi humkatalia mwenye bomba la namna hiyo. Ukiufunga kwenye bomba lisiloshika kutu, vaa glavu, kwa sababu nyuzi zake huwasha ngozi vibaya, na usiufunge injini inapovuja oili, maana utepe uliolowa mafuta unaweza kushika moto.

Jambo ambalo mafundi wengi hulisahau ni injini yenyewe. Ikiwa plastiki ilikaa miaka bila tatizo kisha ikaungua ghafla na silensa haijasogea, fungua plagi inayotoa cheche uitazame. Ikiwa nyeupe kupita kiasi, huenda petroli inayoingia ni chache mno kwa kiasi cha hewa, labda kwa sababu jeti ya kabureta, yaani kitundu kinachopitisha petroli, imeziba au mpira unaounganisha kabureta na injini umepasuka, na moshi hutoka ukiwa na moto kuliko kawaida. Tazama pia gasketi ya ekzosi, yaani pete inayoziba kiungo cha bomba la moshi na injini. Inapovuja, utasikia mlio wa kupasuka-pasuka na utaona masizi meusi kwenye kiungo, na upepo wa moto utakuwa ukipiga mahali pamoja kama tochi ya fundi wa kuchomelea.

Muulize mteja anavyoitumia pikipiki. Anayekaa kwenye foleni ya Clock Tower au Kibuye injini ikinguruma hana upepo wa kupooza chochote, na hata akizima, joto lililobaki kwenye chuma huendelea kuipanda plastiki kwa dakika kadhaa. Kwa hiyo anayefunika pikipiki kwa turubai mara tu anapofika nyumbani anaifungia joto lote ndani. Mizigo iliyofungwa ubavuni nayo huisukuma plastiki kuelekea kwenye bomba, na anayebeba magunia hapaswi kusubiri aione alama ndipo aje kwako.

Ukimaliza, usimwage kazi mikononi mwa mteja moja kwa moja. Endesha hadi injini ipate moto vizuri, iache ingurume ukiwa umesimama, kisha pima mgongo wa plastiki kwa kipimajoto cha mwanga, kile kinachosoma joto bila kugusa. Usipime bomba la kromi kwa kifaa hicho, kwani chuma kinachong'aa hukidanganya na kukupa namba ndogo kuliko joto halisi. Karatasi ya alumini nayo hufanya vivyo hivyo, basi lenga plastiki iliyo wazi kando yake. Namba ikizidi nyuzi 70, mimi hufungua tena. Mwambie mteja arudi baada ya wiki moja ukaze bolti za silensa, kwa sababu mpira mpya hukaa sawa baada ya siku za mwanzo na bolti hulegea.