Kuokota makopo ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kununua

Nikiwasihi majirani zangu hapa Mtwara wasichome makopo ya maji uani, swali huwa ni lilelile: "Nikishayakusanya, mimi yananisaidia nini?" Wana haki ya kuuliza. Kopo lina bei kwa sababu mahali fulani kuna mtu ananunua kitu kilichotokana nalo. Mtu huyo akikosekana, kiwanda hakina haja na chenga za plastiki iliyosagwa, dalali hapiti mtaani, na kijana wa mkokoteni anatafuta shughuli nyingine. Ndiyo maana mimi nahimiza kununua kama ninavyohimiza kukusanya.

Tuanze na kukusanya. Chupa moja ya maji ina plastiki za aina mbili. Kata kipande cha chupa na kipande cha kizibo, vizamishe kwenye beseni la maji kisha uviachie: cha chupa kitabaki chini, cha kizibo kitaibuka. Viwandani hutenganisha hivyohivyo baada ya kusaga. Madumu na ndoo zilizopasuka ni ndugu wa kizibo, na ndizo zinazorudi kuwa ndoo na mabeseni. Chupa zenyewe nyingi hugeuzwa nyuzi, zikiwemo za kujazia mito.

Halafu kuna suala la hewa. Chupa ya nusu lita kwa kawaida haizidi gramu 20, kwa hiyo kilo moja inataka chupa 50 au zaidi. Usipozikanyaga, gunia linajaa upepo, na kutoka huku hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500. Upepo huo unalipiwa mafuta ya lori, na anayekatwa bei ni wewe. Mwaga maji, toa kizibo, kanyaga, tia guniani.

Sasa kununua, na hapa sinunui kwa huruma. Ndoo za plastiki iliyochakatwa upya mara nyingi ni nyeusi au zina rangi iliyopauka, maana zimechanganya kila rangi. Kwa kufulia, kubebea udongo na kumwagilia mchicha, zinatosha kabisa. Maji ya kunywa na unga siweki humo. Plastiki ile hujui ilibeba nini zamani. Inuse kabla hujalipa.

Katambuga, yaani ndala za tairi kuukuu, ndizo ninazozipenda. Mpira wa tairi hauishi upesi, hata kwenye njia za mawe. Ila kuna tairi zenye waya ndani, na waya huo ukichomoza pembeni utakuchana kisigino. Pitisha kidole taratibu ukingoni, kunja soli, tazama palipokatwa: ukiona nyuzi za nailoni, sawa, ukiona vidoti vinavyong'aa, mrudishie. "Fundi, nipe isiyo na waya," na fundi anayejua kazi yake hakasiriki. Majiko ya bati chakavu nayo nunua, uangalie tu maungio.

Sufuria za kusubu hapana. Alumini ya kuyeyusha vyuma vya kila namna inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na chakula chenye ndimu au ukwaju huyavuta. Samaki wangu wa kupaka haingii humo.

Na mfuko wa sokoni? Ile laini ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, lakini mingi ya hii inayofanana na kitambaa nayo ni plastiki. Shangazi kaja la zamani au kikapu cha ukindu kinakutosha.

Jambo moja kwa wenzangu wa mikorosho, kwa sababu huku kwetu kutumia tena chombo ni desturi. Chupa ya dawa ya ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, haina matumizi ya pili nyumbani, hata ukiiosha kwa sabuni na majivu. Ikiisha, isuuze mara 3, maji ya kusuuzia yamimine kwenye bomba la kupulizia yaende shambani, kisha itoboe kitako kwa msumari palepale. Ukiiacha nzima, kuna mtu ataitia mafuta ya nazi.